Mgeni na Sheria ya Mwenyeji

Hapana mahali panapokaliwa na watu pasipo na sheria. Palipo na watu wawili pana haki mbili, na haki mbili haziwezi kukaa pamoja kwa amani bila mpaka kati yao. Mpaka huo ndio sheria. Watu wengine huuandika katika vitabu, wengine huuhifadhi katika vifua vya wazee, lakini wote wanao. Kwa hiyo msafiri hatoki penye sheria akaenda pasipo na sheria. Hutoka katika sheria aijuayo akaingia katika sheria asiyoijua, na hapo ndipo taabu yake inapoanza.

Katika bahari ya Mediteranea, upande wa Italia, kiko kisiwa kikubwa kiitwacho Sardinia. Wageni wengi huenda huko kila mwaka kuogelea na kuota jua. Mwaka 2017 ilitungwa huko sheria ya kumtoza mtu achukuaye mchanga, kokoto au makombe ya pwani faini ya yuro 500 hadi 3,000. Mwaka 2019 mtu na mwenzake kutoka Ufaransa walikamatwa bandarini wakiwa na kilo 40 hivi za mchanga mweupe garini mwao, umetiwa katika chupa. Walijitetea kwamba walitaka ukumbusho tu, wala hawakujua kuwa kufanya hivyo ni kosa.

Kijana wa Garissa akisikia habari hiyo hucheka. Mchanga! Kwetu mchanga huingia viatuni, machoni na hata katika sahani ya chakula bila kualikwa. Malori huuchota kando ya mto Tana, na bado upo. Lakini asicheke upesi. Mtu wa Sardinia naye akija kwetu wakati wa kiangazi, akaona watu wazima wakibishana kwa ndoo moja ya maji, huenda akacheka vile vile, kwa kuwa kwake bomba hufunguliwa na kuachwa likimwagika huku yeye anapiga mswaki. Kila mmoja hucheka kile ambacho mwenziwe anakilinda. Thamani ya kitu huijua yule anayeogopa kukikosa. Chupa moja ya mchanga si hasara kwa pwani, lakini wageni ni maelfu kwa maelfu, na pwani ni ile ile moja.

Basi, msomaji kijana, nataka tulipime pamoja swali hili: Kwa nini mgeni aitii sheria ambayo hakuitunga, hakuulizwa habari zake, na pengine haoni maana yake? Swali hili ni lako. Leo unasoma kwenu. Kesho utakwenda chuoni au kazini mahali ambapo hujulikani, na siku hiyo utakuwa wewe ndiwe kuku mweupe. Na hata usiposafiri, wageni watakuja kwenu, nawe utapaswa kujua unachoweza kuwadai kwa haki na unachopaswa kuwapa.

Jibu la kwanza ambalo watu hutoa ni hofu. Mgeni atii, wasema, kwa sababu asipotii atatozwa. Ni kweli kwamba ziko sheria zenye adhabu nzito ambazo kila aingiaye nchi yetu imempasa kuzijua. Tangu Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku Kenya. Faini yake ni kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo. Tangu Juni 5, 2020, chupa na vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja haviruhusiwi katika mbuga za wanyama na hifadhi nyingine za taifa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha, kwa makosa makubwa dhidi ya wanyama walio katika hatari ya kutoweka. Mgeni ambaye hazijui habari hizi aweza kupata hasara ya mali aliyoichuma kwa miaka mingi.

Lakini hofu ni mlinzi anayelala. Mkoa wetu ni mpana. Kutoka Garissa hadi Wajir, na kutoka Wajir hadi Mandera, mtu aweza kusafiri muda mrefu bila kumwona askari hata mmoja. Akitupa mfuko wa plastiki dirishani, nani atamtoza? Upepo utauchukua na kuunasa katika miiba ya mgunga, mbuzi ataula, na tumbo la mbuzi halina mlango wa kuutolea. Mwenye mbuzi atamkuta amekufa, wala hatajua kamwe ni nani aliyemwua. Faini ya milioni 4 iko kitabuni, na mkosaji yuko mbali kilomita mia mbili. Mtu anayetii kwa hofu tu hutii penye macho ya watu, na nyika yetu haina macho mengi.

Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha watakaokuwa walimu, nawaona vijana wengi wanaokuja Garissa kutoka bara, na wengine wanaotoka hapa kwenda kwingine. Wengi huuliza maswali mawili kwa pumzi moja: Huku ni nini kinachokatazwa, na faini yake ni kiasi gani? Swali la kwanza ni la mtu mwangalifu. La pili ni la mfanyabiashara. Aulizaye bei ya kosa yu karibu kulinunua. Akiambiwa kuwa faini ni ndogo, ataona kosa nalo ni dogo. Akiambiwa haipo, ataona kosa nalo halipo.

Na hapo ndipo anapopotea, kwa maana yaliyo mazito zaidi kwetu hayana faini. Hakuna sheria ya serikali ya Kenya inayomtoza mtu shilingi hata moja kwa kula sokoni mchana wa Ramadhani. Hakuna hakimu atakayemfunga mwanamume aliyenyoosha mkono kumsalimu mwanamke asiye jamaa yake, kabla mwanamke huyo hajaunyoosha wake. Hakuna faini iliyowekwa kwa mtu anayempiga picha mama mzee kando ya nyumba yake bila kumwomba ruhusa, kana kwamba mama huyo ni mti au kilima. Walakini mgeni anayefanya mambo haya hulipa. Hulipa kwa milango inayofungwa taratibu, kwa salamu zinazofupishwa, kwa habari asizoambiwa. Faini ya fedha hulipwa mara moja, kisha deni likafutwa. Faini ya heshima hulipwa kidogo kidogo, na mlipaji pengine hajui hata kuwa analipa.

Watu wengine wamejaribu kuigeuza adabu kuwa sheria. Zanzibar, ambako wageni wengi huja kwa ajili ya bahari, serikali ilitangaza mwaka 2021 kwamba wageni watakaotembea mitaani na mavazi yasiyo na staha watatozwa faini. Siwezi kuwalaumu Wazanzibari. Mwenye nyumba aliyechoka kusema kwa upole husema kwa ukali. Lakini ni bahati mbaya kila adabu inapohitaji askari. Faini ni fimbo ya kipofu: humsaidia asiyeona njia, wala haimpi macho.

Jibu la pili ni lile la methali: Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Methali hii hupendwa na watu, nayo ina busara ndani yake, maana humfundisha mgeni kutojionyesha kuwa bora kuliko wenyeji wake. Lakini ikichukuliwa yote kama ilivyo, yaweza kuzaa mnafiki. Afumbaye jicho lake kwa sababu wengine wana chongo hajawaheshimu. Amewaigiza tu, na moyoni bado anawahesabu kuwa vipofu. Ataondoka kwao, atalifumbua, na atakwenda kuwasimulia wengine hadithi za ujinga wao. Heshima ya namna hiyo ni vazi la kuazima.

Mimi naona liko jibu la tatu, na jibu hilo sikulitoa mbali. Lipo kisimani.

Katika nchi kavu, kisima ni shule ya sheria. Waborana, ambao wamekaa Isiolo, Marsabit, Moyale na sehemu za Wajir, wana visima virefu vilivyochimbwa kwa jasho la vizazi vingi. Kisima chao kina mtu anayehesabiwa kuwa baba yake, naye ni wa ukoo wa wale waliokichimba. Pia yupo msimamizi wa zamu, aitwaye abba herega, ambaye hupanga ni mifugo ya nani inywe kwanza na ya nani ingoje. Mgeni mwenye kundi lake haji akateremka kisimani kwa kuwa ana kiu au kwa kuwa ana nguvu. Huja akaomba, akasikilizwa, akapewa zamu yake. Mtu mwenyewe mwenye kiu hanyimwi maji ya kunywa. Lakini kundi lake lazima lingoje. Kwa Wasomali nako mambo ni karibu na hayo: maji ya mvua yaliyotuama ni ya wote, na kisima kilichochimbwa kwa mikono ni cha waliokichimba, nao ndio wenye neno.

Tazama sasa hoja iliyomo. Mgeni hakukichimba kile kisima. Hakubeba mchanga begani, wala hakumzika ndugu aliyeporomokewa na kingo zake. Lakini anakunywa. Hawezi basi kusema, "Zamu sikuipanga mimi, kwa hiyo hainihusu," maana maji nayo hakuyatafuta yeye, na hayo anakubali kuwa yanamhusu. Akitaka maji bila zamu, anachukua matunda ya sheria na kuikataa sheria yenyewe. Kisima kisicho na zamu hakidumu: wenye nguvu watakikanyaga mpaka kizibe, na atakayekuja kesho atakuta tope.

Kila mji ni kisima. Amani unayoikuta sokoni, pwani safi unayoiona, twiga anayetembea karibu na nyumba za watu bila kurushiwa jiwe, vyote vilichimbwa na mtu kabla hujafika. Huko Ishaqbini, katika kaunti ya Garissa, wenyeji walikubali kutenga sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya swala aitwaye hirola, ambaye makao yake ya asili ni mpakani mwa Kenya na Somalia tu, naye amebaki kwa mamia machache. Mwaka 2012 hirola wakatiwa ndani ya hifadhi yenye ua wa kuwazuia wanyama wakali. Mfugaji anayetenga malisho ili mnyama asiye wake apate kuishi amelipa kabla ya mgeni kuja. Mgeni anayemwendea hirola kinyume cha kanuni hakuvunja amri ya karatasi tu. Amekula akiba ya mtu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mgeni huitii sheria ya mwenyeji kwa sababu anatumia mema ambayo sheria hiyo imeyalinda. Utii wake ni malipo ya deni, nalo ni deni la haki wala si la woga. Na kwa kuwa ni deni, halifutwi kwa sababu mwenye kudai amelala au askari yuko mbali.

Lakini msomaji mwerevu atanisimamisha hapa. Ataniuliza: Je, kila sheria ya mwenye nguvu ni zamu ya kisimani? Je, hakuna sheria ambazo si ulinzi wa kisima bali ni wizi wa maji? Ziko, na watu wa Kaskazini Mashariki wanazijua kuliko wengi.

Serikali ya kikoloni iliifunga nchi yetu, wakati huo ikiitwa Wilaya ya Mpakani ya Kaskazini. Amri ya mwaka 1902 iliruhusu wilaya za mbali zifungwe, na amri nyingine ya mwaka 1934 ikaongeza nguvu za watawala juu ya watu wa wilaya hizo. Mtu wa nje hakuweza kuingia bila kibali, na mwenyeji hakuweza kutoka akaenda bara bila kibali. Mkuu wa wilaya aliweza kuliadhibu kabila zima au ukoo mzima kwa kosa la wachache, na kuchukua mifugo yao. Desemba 1963, mwezi ule ule wa uhuru, ilitangazwa hali ya hatari katika mkoa huu, na sheria zake za namna ya pekee hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Hata baada ya hapo, kijana wa Garissa aliyetaka kipande alipaswa kupita mbele ya kamati ya kumchuja, jambo ambalo kijana wa Nyeri au Kakamega hakulijua. Mchujo huo wa ziada ulitangazwa kukomeshwa Februari 2025, kwa tamko la Rais lililotolewa Wajir. Watu hawa walikuwa wageni katika nchi yao wenyewe, na sheria walizotakiwa kuzitii zilikuwa sheria za mwenyeji ambaye hakuwa mwenyeji.

Tofauti iko wapi basi? Wengine watasema kosa la sheria zile lilikuwa kuwaadhibu wengi kwa ajili ya mmoja. Lakini mila ya Kisomali nayo huwatoza wengi kwa ajili ya mmoja. Mtu akimwua mwenziwe, jamaa zake wote huchanga mag, ambayo katika desturi ya zamani ni ngamia 100 kwa uhai wa mwanamume. Asiye na hatia hutoa ngamia wake pamoja na wenziwe. Mbona hiyo twaiita sheria, na ile ya mkuu wa wilaya twaiita dhuluma?

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi, na naona tofauti ni hii: katika mag, anayelipa leo ndiye atakayelipwa kesho. Waliochanga ngamia ni wale wale ambao, ndugu yao akiuawa, watapokea ngamia. Mzigo na faida vimo katika bega moja. Lakini faini ya mkuu wa wilaya ilikwenda upande mmoja tu. Ukoo ulilipa, na ukoo huo ulipodhulumiwa haukulipwa na yeyote. Sheria inayofunga upande mmoja na kuuacha mwingine ni kamba, si mpaka. Kwa kipimo hicho hicho, mila nayo haikosi ila. Desturi iliyouhesabu uhai wa mwanamke kuwa ngamia 50 imempa mzigo wote wa sheria na nusu ya ulinzi wake. Haitoshi kusema kuwa ni ya kale. Ubaya haugeuki kuwa wema kwa kuzeeka.

Kipimo hiki chafaa hata barabarani. Mgeni anayesimamishwa penye kizuizi, akaambiwa kosa lake, akaonyeshwa sheria, akalipa na kupewa stakabadhi, ametozwa faini. Fedha zake zimeingia katika hazina inayotengeneza barabara atakayopita tena. Anayeambiwa atoe kitu kidogo ili kosa lisahauliwe, au ili kosa lisilokuwapo lisianze, ameporwa kwa maneno laini. Sheria haikumlinda, imemwinda. Nawe ukiwa siku moja umevaa kofia ya serikali, kumbuka kwamba kila faini isiyo na stakabadhi humfundisha mgeni kuwa sheria zenu zote ni mitego, naye hataiheshimu hata ile iliyo ya haki.

Iko na mipaka mingine ya utii. Sheria ya mwenyeji yaweza kukutaka ujizuie na jambo ambalo kwenu ni halali. Haiwezi kukutaka utende jambo ambalo ni uovu. Kujizuia kula hadharani saa chache hakukuharibii dini wala utu wako. Kuacha kupiga picha hakukupunguzii macho. Lakini wenyeji wako wakitaka ushirikiane nao kumdhulumu mnyonge, au kumwoza mtoto ambaye angepaswa kuwa darasani, hapo methali ya chongo imefika mwisho wake. Hapo usifumbe jicho. Mgeni ana wajibu wa kuheshimu nyumba, hana wajibu wa kushiriki dhambi yake.

Mpaka sasa nimesema mengi juu ya mgeni. Haki yataka niseme na juu ya mwenyeji, maana tumekwisha kuona kwamba sheria ya kweli hufunga pande mbili.

Wazee wetu walilijua hili. Katika mila ya Kisomali kuna watu waitwao biri-ma-geydo, yaani wale ambao chuma hakiwagusi. Hata vita vikiwa vikali namna gani, hawauawi: wanawake, watoto, wazee, wagonjwa, watu wa dini, wapatanishi, na miongoni mwao mgeni. Mgeni aliyeingia katika ulinzi wa mtu amekuwa amana, na kumdhuru ni kumvunjia heshima aliyempokea. Ndiyo sababu wazee walipokutana Modogashe mwaka 2001 kuafikiana juu ya malisho, maji, wizi wa mifugo na silaha haramu, hawakuandika kwamba wageni wasije. Waliafikiana kwamba anayetaka malisho katika nchi ya wengine aombe kwanza kwa wazee wa huko. Anayeomba hufanywa mgeni, na mgeni hulindwa. Anayejiingiza kwa nguvu amejinyima mwenyewe ulinzi huo.

Ni lazima nikiri kwa niaba ya mkoa wetu kwamba amana hii imevunjwa mara kadhaa, na kwa damu. Novemba 2014 abiria 28 walishushwa katika basi karibu na Mandera wakauawa, na wengi wao walikuwa walimu wanaokwenda likizo. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na wengi wao walikuwa vijana waliotoka mbali kuja kusoma kwetu. Walimu wengi wa bara waliondoka, na hawana lawama. Shule zikabaki na madarasa yasiyo na mtu wa kuyafundisha, na watoto wetu ndio walioilipa faini ya kosa ambalo hawakulitenda.

Lakini Desemba 21, 2015, karibu na El Wak, basi jingine lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa na watu wenye silaha. Waliwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu, wengi wao wenyeji wa mkoa huu, walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo vitambaa vya kujitanda ili wasitambulike. Miongoni mwa waliokataa alikuwako mwalimu, Salah Farah. Alipigwa risasi, akaugua majeraha yake kwa karibu mwezi mmoja, akafariki Nairobi Januari 2016.

Nakuomba uulize juu ya siku hiyo swali lile la vijana: Faini yake ilikuwa kiasi gani? Kama abiria wale wangejitenga kama walivyoamriwa, ni mahakama gani ingewatoza? Hakuna. Hapana sheria iliyoandikwa inayomlazimisha mtu kukingia kifua msafiri mwenziwe asiyemjua jina. Hofu, ambayo wengine husema ndiyo msingi wa sheria, siku hiyo ilikuwa upande wa wenye bunduki, nayo ilikuwa ikiwaamuru wawasaliti wageni wao. Waliloitii ni sheria isiyo na faini, ile ya amana. Kama sheria ya namna hiyo ingekuwa jambo dogo, Salah Farah hangelipa kwa uhai wake.

Nami kila nikiwafundisha walimu wapya, namkumbuka mwalimu mwenzetu huyu, na naona kwamba vitu vidogo na vikubwa ni vya familia moja. Mgeni anayeingoja zamu yake kisimani, mtalii anayeuacha mchanga pwani, msafiri anayekula faraghani mchana wa Ramadhani, na mwenyeji anayemfunika mgeni kwa kitambaa chake, wote wanasema neno moja: Mwenzangu ni mtu, na alicho nacho kina thamani ingawa si changu.

Basi, msomaji kijana, ukifika mahali usipopajua, usianze kwa kuuliza faini. Uliza maswali haya matatu. Watu hawa wanalinda nini? Nani alikilipia kabla sijafika? Nami natumia fungu gani la kitu hicho? Ukiyajibu kwa moyo safi, utaijua sheria yao kabla ya kuisoma, na pengine utaijua kuliko baadhi yao. Na ukiwa wewe ndiwe mwenyeji, jiulize maswali mengine mawili. Je, sheria hii ninayomdai mgeni yanifunga na mimi? Na siku atakapokuwa hatarini, itamlinda? Ukiona haikufungi wala haimlindi, usiite sheria. Itafutie jina lake la kweli, kisha uiache.

Na mtu akikuonyesha kisima, mshukuru, ungoje zamu yako, na ukiondoka uache maji safi kwa yule anayekuja nyuma yako.